Nani Aliyezijenga Piramidi?

Iko dhulma ya mali, na kila mtu aijua. Mtu hunyang'anywa shamba lake au hunyimwa ujira wake, akaenda kwa kadhi akashitaki. Lakini iko dhulma nyingine isiyo na mshitaki, nayo ni kumnyang'anya mtu kazi yake baada ya kufa kwake; ikasemwa kwamba kazi ile hakuifanya yeye, aliifanya mwengine, wala yeye hakuwa na uwezo wa kuifanya. Mwenyewe yumo kaburini, hawezi kujibu. Na watu wanaoletewa khabari hiyo huipokea kwa furaha, kwa kuwa khabari ya ajabu ni tamu masikioni kuliko khabari ya kweli.

Wasomaji wetu wapenzi, nataka tuiangalie dhulma hii kwa mfano wa piramidi za Misri. Nimezisikia khabari zake mabarazani, nimezisikia harusini, na siku hizi nazisikia zaidi kutoka kwenye simu za vijana, ambamo mtu asiyejulikana jina lake wala mji wake huzungumza kwa sauti nzito, na kila anachokisema ni "siri waliyofichwa watu". Kauli zilizoenea ni tatu. Ya kwanza ni kuwa piramidi zilijengwa na majini, au na majitu marefu ya kaumu ya Adi. Ya pili ni kuwa zilijengwa na viumbe walioteremka kutoka kwenye nyota. Ya tatu ni kuwa zilijengwa na Firauni yule aliyepambana na Nabii Musa (A.S.), kwa mijeledi juu ya migongo ya watumwa. Kauli hizi zaonekana ziko mbali mbali, lakini zinakutana mahali pamoja: hakuna hata moja inayomtaja fundi.

Kwanza tujue tunazungumza juu ya nini. Hapo Giza, ng'ambo ya mto ukitoka Cairo, zimesimama piramidi tatu kubwa, nazo ni makaburi ya wafalme watatu: Khufu, Khafre na Menkaure. Iliyo kubwa zaidi ni ya Khufu, na ilijengwa yapata miaka 2,600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Ilipokamilika ilikuwa na kimo cha mita 146 hivi, karibu minazi mitano mirefu ikisimamishwa mmoja juu ya mwenziwe. Kila ubavu wa msingi wake una urefu wa mita 230. Mawe yake hukadiriwa kuwa 2,300,000, na jiwe la wastani lina uzani wa tani mbili na nusu. Juu ya ukubwa huo, mbavu zake zimeelekezwa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi kwa usahihi ambao kosa lake halifiki sehemu moja katika kumi ya digrii. Basi si ajabu mtu kusimama mbele yake akasema, "Hii si kazi ya mwanaadamu." Ajabu ni kusema hivyo kisha akaondoka, asiulize zaidi.

Wanavyuoni wetu wa zamani waliuliza. Mmoja wao alikuwa Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyezaliwa Baghdad mwaka 1162 na akakaa Misri muda mrefu. Huyu alikuwa na tabia moja ambayo natamani iingie katika kila nyumba yetu. Jalinus, tabibu mkubwa wa Wayunani, alikuwa ameandika kwamba taya la chini la mtu ni mifupa miwili iliyoungana, na matabibu wakalipokea neno hilo karne baada ya karne. Ikatokea njaa kubwa huko Misri, watu wakafa kwa wingi, na mifupa ikalundikana nje ya mji. Baghdadi akaenda akatazama kwa macho yake. Akachunguza mafuvu zaidi ya 2,000, na hakuona hata taya moja lenye kiungo. Basi akaandika kwamba taya la chini ni mfupa mmoja, na kwamba, pamoja na heshima yote anayostahiki Jalinus, jicho lililoona ni shahidi mwenye nguvu zaidi.

Mtu huyo huyo alizitazama piramidi, na akatuachia khabari ya Malik al-Aziz Uthman, mwana wa Salahuddin, ambaye mwaka 1196 alishawishiwa azibomoe. Wakaletwa mafundi na vibarua, wakaanza na ile ndogo ya Menkaure. Wakahangaika miezi minane, na kwa siku hawakuweza kuangusha ila jiwe moja au mawili, mpaka wakachoka wakaacha. Kovu la kazi ile liko ubavuni mwa piramidi hiyo hadi leo. Huo ni ushahidi wa kwanza: aliyeona amesema alichokiona, na hakuongeza jini wala jitu.

Nasema ushahidi kwa makusudi. Kadhi hamkubali shahidi asemaye, "Nimesikia watu wakisema." Humuuliza, "Wewe uliona nini?" Na wakija mashahidi wengi, kila mmoja kwa njia yake, wasiokaa pamoja kupanga maneno, na wote wakaelekea upande mmoja, hapo moyo hutulia. Uzuri wa elimu ya piramidi ni kuwa mashahidi wake wametoka katika fani mbali mbali: wapimaji, wajuzi wa miamba, wajuzi wa mito, wasomaji wa maandishi ya kale, wachunguzi wa mifupa, hata wanafizikia. Na tuwaite mmoja mmoja.

Shahidi wa pili ni mpimaji. Katika karne ya 19 alikuwako mtaalamu wa nyota huko Scotland, jina lake Charles Piazzi Smyth, aliyeshikilia kuwa piramidi ya Khufu imejengwa kwa kipimo kilichoteremshwa kutoka mbinguni, na kwamba inchi ya Kiingereza inatokana na kipimo hicho. Watu wengi walimwamini. Kijana mmoja Mwingereza, Flinders Petrie, alilelewa na baba aliyeipenda kauli hiyo. Akenda Giza mwaka 1880, akakaa ndani ya kaburi la zamani akalifanya nyumba yake, akapima kwa muda wa misimu miwili kwa vyombo bora vya wakati ule. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1883, vipimo vyake viliibomoa ile kauli ya Smyth. Inchi ya mbinguni haikuonekana. Palionekana dhiraa ya Misri, mkono wa mtu kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole. Mwangalie kijana huyu: alikuwa na sababu zote za nyumbani kwao za kuona alichotaka kukiona, lakini uzi wa kupimia haukumjua baba yake.

Wa tatu ni mjuzi wa miamba. Yeye huyachukua mawe yenyewe akayauliza yalikotoka. Mawe mengi ya piramidi ya Khufu yalikatwa pale pale Giza, na machimbo yake yako wazi upande wa kusini, mtu huyaona. Yale meupe laini ya kufunikia nje yalitoka Tura, ng'ambo ya pili ya mto. Na yale magumu kabisa ya itale, yaliyojengewa chumba cha mfalme, yalitoka Aswan, mamia ya kilomita upande wa kusini, na baadhi yake yana uzani wa makumi ya tani. Ndani ya mawe ya Giza mna vijiwe vidogo vya mviringo mfano wa adesi. Strabo, msafiri wa Kiyunani aliyefika huko yapata miaka 2,000 iliyopita, aliambiwa na wenyeji kuwa hayo ni mabaki ya chakula cha wajenzi yaliyogeuka mawe. Leo twajua ni maganda ya viumbe vidogo vya baharini, kwa kuwa nchi ile zamani sana ilikuwa chini ya bahari, kama mawe yetu ya matumbawe yalivyokuwa. Basi msomaji aone: hata hekaya ya adesi ilizushwa pale pale penye piramidi. Kuwa karibu na kitu si sawa na kukijua.

Lakini mtu atauliza: mawe ya Aswan na Tura yalifikaje Giza, na mto uko mbali? Hapa anasimama shahidi wa nne, mjuzi wa mito. Mwaka 2022 watafiti walitoa khabari ya udongo waliouchimba kwa mirija mirefu karibu na Giza. Ndani yake walitafuta chavua, yaani lile vumbi la maua, ambalo hukaa ardhini maelfu ya miaka bila kuoza. Wakaona kuwa zama za Khufu palikuwa na mkono wa mto Nile uliopita karibu na piramidi, wenye maji ya kutosha kupitisha vyombo. Na mwaka 2024 wenziwao wengine, wakitumia picha za setilaiti na udongo wa chini, walieleza khabari za mkono wa mto uliokufa, wenye urefu wa kilomita 64, uliopita kando ya piramidi 31 kutoka Lisht mpaka Giza. Wakauita Ahramat, yaani mkono wa piramidi. Fumbo la kwa nini piramidi zimejipanga jangwani pasipo maji likafunguka: hazikujengwa pasipo maji, maji ndiyo yaliyoondoka.

Sasa nifike kwa shahidi ninayempenda kuliko wote, kwa kuwa yeye alikuwako. Mwaka 2013, katika bandari ya kale ya Wadi al-Jarf, kwenye pwani ya Bahari ya Sham, wachimbuaji walioongozwa na Mfaransa Pierre Tallet walikuta vipande vya karatasi za mafunjo. Ndizo karatasi za mafunjo zenye maandishi zilizo kongwe kuliko zote zilizopata kuonekana duniani. Baadhi yake ni daftari la kazi la mtu aitwaye Merer, mkuu wa kikosi cha watu wapatao 40, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Khufu. Na kazi yao ilikuwa kupakia mawe Tura na kuyapeleka kwa chombo hadi Giza.

Sisi wa pwani tuliozoea madaftari ya manahodha tutalifahamu daftari hili mara moja. Siku fulani tumepakia mawe. Siku fulani tumesafiri. Tumelala mahali fulani. Siku fulani tumefika, tumeteremsha, tumerudi. Kwa kila siku kumi, safari mbili au tatu. Anamtaja mkubwa wao, Ankhhaf, nduguye mfalme kwa upande mmoja, ambaye alikuwa msimamizi wa mambo hayo. Na pamoja na daftari hilo mna hesabu za vyakula vilivyoletewa watu wa kazi. Merer haoni ajabu yoyote. Hajui kuwa yuko ndani ya fumbo kubwa la dunia. Yeye anaandika ili kesho akiulizwa mawe yako wapi awe na jawabu. Na mimi nasema: hakuna jini anayeandikiwa mgao wa mikate.

Shahidi wa sita ni mifupa na majivu. Mwandishi wa Kiyunani Herodotus aliambiwa kuwa piramidi ilijengwa na watu 100,000 kwa zamu za miezi mitatu mitatu, kwa muda wa miaka 20. Wachimbuaji wa leo wengi wao hukadiria watu 20,000 au 30,000, na sababu ni kuwa wameiona mitaa yao. Kusini mwa ukuta mkubwa wa mawe uitwao Heit el-Ghurab, yaani ukuta wa kunguru, kundi la Mmarekani Mark Lehner limekuwa likichimba tangu miaka ya mwisho ya 1980. Wamefukua mji mzima: njia, malalo marefu ya watu wa kazi, majiko ya mikate yenye vyungu vizito vya kuokea, na mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi. Na mwaka 1990, jirani na hapo, farasi alijikwaa katika ukuta wa matofali ya udongo uliofunikwa na mchanga, na chini yake yakaonekana makaburi. Aliyeyachimba ni Mmisri, Dakta Zahi Hawass. Yalikuwa makaburi ya wasimamizi, mafundi na wafanyakazi wa piramidi, na baadhi yao wameandikiwa vyeo vya kazi zao.

Mifupa yao ilichunguzwa. Ni mifupa ya watu wa kimo cha kawaida, majitu hayamo. Migongo na magoti yamelika kwa kubeba uzito. Mna mikono na miguu iliyovunjika ikaungwa vizuri ikapona, na mna waliokatwa kiungo wakaishi baadaye. Maana yake ni kuwa alikuwako aliyewafunga mabanzi, aliyewauguza na aliyewalisha siku ambazo hawakuweza kufanya kazi. Hata wakubwa wa kazi walijua kuwa fundi aliyevunjika mguu ni mtu wa kutibiwa.

Basi walikuwa watumwa? Hapa nataka tuwe waadilifu pande zote mbili. Mtumwa wa kununuliwa na kutupwa hazikwi kwenye kaburi la kujengwa, jirani na kaburi la mfalme, na cheo chake kimeandikwa. Vikosi vya wajenzi vilijipa majina na kuyaandika kwa rangi juu ya mawe mahali ambapo hapangeonekana tena. Kimoja kilijiita Rafiki wa Khufu, na chengine, Mungu atuhifadhi, kilijiita Walevi wa Menkaure. Majina haya ni ya watu wanaoshindana na kutaniana kazini. Lakini tusiseme kuwa walikwenda kwa hiari kama mtu aendavyo karamuni. Ilikuwa kazi ya lazima ya dola, na mfalme hakumuuliza mtu. Migongo ile iliyolika si ya watu waliostarehe. Ama Firauni wa Nabii Musa (A.S.), hilo ni jina la cheo, si jina la mtu mmoja, na Kitabu chetu hakikusema kuwa yeye ndiye aliyejenga piramidi za Giza. Watu wa tarikh wengi humweka karne nyingi baada ya Khufu. Udhalimu wa Firauni yule unatosha kwa yale tuliyoambiwa, hauna haja ya kuongezewa majengo.

Wanaodai kuwa mawe yale hayakokoteki nao wana la kujibiwa. Liko kaburi la mtu mkubwa aitwaye Djehutihotep, la karne nyingi baada ya Khufu, ambalo ukutani mwake pamechorwa sanamu kubwa inayokokotwa na safu za watu, imekaa juu ya chombo cha mbao kisicho magurudumu. Mbele ya chombo amesimama mtu anamwaga maji mchangani. Watu walidhani ni ibada. Mwaka 2014 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walijaribu katika maabara yao, wakaona kuwa mchanga ukitiwa maji kwa kiasi sawasawa haujikusanyi mbele ya chombo, na nguvu ya kuvuta hupungua kama nusu. Aliyeendesha mkokoteni ufukweni hahitaji kufundishwa tofauti ya mchanga mkavu na mchanga maji. Na mwaka 2018, katika machimbo ya Hatnub, palitangazwa njia ya kupandishia mawe ya zama za Khufu, yenye ngazi pande mbili na mashimo ya nguzo za kuzungushia kamba. Jinsi gani hasa walivyoyafikisha mawe ya juu kabisa, wataalamu bado wana khitilafu. Na jinsi walivyoipata kaskazini, wako wasemao ni kwa nyota na wako wasemao ni kwa kivuli cha jua. Khitilafu hizi si aibu. Aibu ni kuziba pengo kwa jini kwa sababu tumechoka kusubiri.

Adabu ya kusubiri tunaweza kujifunza kwa mashahidi wa mwisho, nao ni wanafizikia. Kutoka angani hunyesha usiku na mchana chembe ndogo mno ziitwazo mioni, zipitazo ndani ya mawe. Zikipita mahali penye uwazi hufika nyingi zaidi. Mmarekani Luis Alvarez alizitumia chembe hizi miaka ya 1960 kutafuta vyumba vya siri katika piramidi ya Khafre. Mwaka 1970 akatangaza pamoja na wenziwe, na miongoni mwao Mmisri Ahmed Fakhry, kuwa katika sehemu waliyoipima hapana chumba. Fikirini: kazi ya miaka, gharama kubwa, kisha mtu anasimama mbele ya watu na kusema, "Hapana kitu." Mwaka 2017 kundi jengine lilitangaza kuwa ndani ya piramidi ya Khufu mna uwazi mkubwa, urefu wake si chini ya mita 30, na mwaka 2023 likathibitisha ujia wa mita 9 nyuma ya uso wa kaskazini, na kamera nyembamba ikaingizwa ikauona. Walipoulizwa ule uwazi mkubwa ni wa nini, hawakusema ni hazina wala siri. Walisema ni uwazi.

Na waliopima umri kwa njia ya kaboni, wakichukua vipande vya makaa vilivyomo katika chokaa ya kuungia mawe, mwaka 1984 walipata umri uliozidi tarikh inayojulikana kwa zaidi ya miaka 300. Walirudia mwaka 1995, tofauti ikapungua lakini haikwisha. Hawakuficha. Walieleza kuwa huenda wajenzi walichoma kuni kuukuu, na mti hubeba umri wake hata baada ya kukatwa. Hivyo ndivyo mwenye elimu anavyosema.

Hoja iliyobaki ni ya wale wa nyota, wasemao kuwa piramidi zilitokea ghafla zimekamilika. Si kweli. Kabla ya Khufu alikuwako Djoser, ambaye msimamizi wake Imhotep alimjengea huko Saqqara piramidi ya ngazi sita. Akaja Sneferu, babake Khufu. Piramidi ya Meidum imeporomoka kuta zake za nje. Ile ya Dahshur walianza kuijenga kwa mwinuko mkali, ikaonyesha dalili za kulemewa, na katikati ya kazi wakalegeza mwinuko. Imepinda hadi leo kila mtu anaiona. Kisha wakajenga nyengine kwa mwinuko wa taratibu tangu chini, ikasimama. Ndipo akaja Khufu. Anayeteremka kutoka nyota hapindi jengo katikati. Anayekosea, akatazama, akarekebisha, na kumwachia mwanawe fundisho, huyo ni mwanaadamu.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Marehemu baba yangu alikuwa mwashi. Alijua kuchagua jiwe la matumbawe kwa kuligonga na kulisikiliza, alijua tanuu la chokaa lililoiva kwa harufu yake, na katika mji wetu ziko nyumba ambazo kuta zake alizisimamisha yeye na wenziwe kwa timazi na mwiko. Siku moja, naye ni mzee, tumekaa barazani, alipita mtembezaji wa wageni na kundi lake. Akawasimamisha mbele ya nyumba ambayo baba aliijenga upya ghorofa yake ya juu, akawaambia kuwa nyumba zile zote zilijengwa na watu waliotoka ng'ambo, kwani wenyeji hawakuwa na ujuzi huo. Baba alisikia. Hakusema kitu mpaka walipokwisha pita, kisha akaniambia kwa utaratibu, "Boriti ya tatu ilikuwa fupi, tukaizidishia ukuta." Sikumjibu, maana sikuwa na la kumjibu. Alikuwa akijitolea ushahidi, na hapakuwa na kadhi.

Na karibuni mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na saba anayejifunza uashi, alinionyesha simu yake. "Mjomba, tazama. Wasema watu hawawezi." Nikamuuliza yeye waonaje. Akasema, "Kazi kubwa hazikufanywa na watu kama sisi." Maneno hayo yalinitia baridi. Kijana huyu asubuhi anabeba mawe na jioni anafundishwa kuwa abebaye mawe hana akili. Hapo ndipo madhara yalipo, ndugu zangu. Uwongo juu ya Misri haumdhuru Khufu. Unamdhuru kijana wetu. Nikamsomea khabari za Merer. Alinyamaza, kisha swali lake la kwanza likawa, "Walikuwa wakilala wapi?" Hilo ni swali la mtu wa kazi, na nikafurahi, kwa kuwa lina jawabu, na jawabu limechimbuliwa.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya Misri tu. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, watu huyaogopa kwa majini kuliko wanavyouliza waashi wake. Na kwa muda mrefu waliandika wageni, na wenyeji wakaitikia, kuwa miji ya mawe ya pwani yetu ililetwa nzima nzima kutoka ng'ambo. Uchimbuaji wa miaka ya 1980 huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulikuta msikiti juu ya msikiti: wa chini kabisa ulikuwa wa miti, wa karne ya nane, na juu yake ukajengwa mwengine na mwengine, mpaka wa mawe. Ni darasa lile lile la Saqqara na Dahshur: watu walijifunza mahali walipo, kizazi kwa kizazi. Dini na biashara zilitoka ng'ambo zikaja kwetu, na hilo twalishukuru. Lakini mkono uliolipanga jiwe ulikuwa umekaa hapa.

Basi nawausia wazazi na walimu mambo machache. Mtoto akija na khabari ya ajabu, asipigiwe kelele wala asichekwe. Aulizwe swali la kadhi: aliyekuambia aliona nini? Kama hakuona, alisikia kwa nani? Akizoea swali hilo katika piramidi, atalikumbuka siku atakapoletewa khabari za jirani yake, za mkewe, au za ndugu yake aliyegombana naye. Na mnapowaonyesha watoto msikiti, nyumba au jahazi, msimtaje aliyetoa fedha peke yake. Mtajeni na mwashi, na seremala, na wanawake waliopiga sakafu kwa nyimbo. Ujira wa fundi hulipwa kabla jasho halijakauka; na jina lake nalo ni katika haki yake, ijapokuwa jasho limekauka miaka 4,500.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuona na ndimi za kushuhudia haki. Wabillahi tawfiq.